Zabibu za wifi

Mashine iligoma kusoma.

Ilikuwa Jumanne, saa tano na kitu asubuhi, nimeshapanga tyubu zangu kwenye raki, damu imezungushwa, seramu, yale maji ya damu, imetulia juu njano safi kabisa, na kwenye skrini mbele ya sampuli namba 17 ikatokea ile alama ya "zaidi ya". Zaidi ya 10,000. Mashine yetu ikipima homoni ya mimba, ile tunaita beta hCG, mwisho wake ni hapo. Ukipita hapo inakwambia tu umepita, umepita kwa kiasi gani utajijua mwenyewe.

Kujijua ni kuzimua. Unavuta seramu kidogo na pipeti, unaichanganya na maji yake maalumu, unairudisha mashineni, afu jibu likitoka unazidisha. Nikazimua mara 10. Zaidi ya. Nikazimua mara 100, hapo ndo ikakubali, nikapiga hesabu kwa mkono kwenye kikaratasi maana kikokotoo cha simu nilikiona kama kinanidanganya: 282,000.

Namba peke yake haisemi kila kitu, mapacha nao wanaweza kupandisha namba ukashangaa. Ila fomu ilikuwa imeandikwa wiki 11, anatokwa damu, tumbo kubwa kuliko wiki zake, anatapika mpaka maji. Na jina lililokuwa kwenye ile fomu nalijua kama ninavyojua langu.

Wifi yangu. Mke wa kaka yetu mkubwa.

## Chenga

Kazini kwetu majibu hayatoki mdomoni kwa mtu wa maabara, yanatoka kwa daktari. Kwahiyo nikasaini, nikapeleka, nikavua koti, nikaenda kukaa naye kwenye benchi la ultrasaundi nikijifanya nimepita tu. "Wifi, umejuaje niko huku?" Nikamwambia nimemuona kaka getini. Uongo, kaka hata hakuwepo, alikuwa Geita kikazi.

Mnaokumbuka televisheni za zamani, upepo ukigeuza antena picha inapotea zinabaki chenga? Ndo nilichokiona kwenye ile skrini. Chenga tupu, tumbo zima. Hakuna kichwa, hakuna uti wa mgongo, hakuna kile kitu kidogo kinachopigapiga ambacho kila mama anayelala pale anakisubiri. Dokta akapitisha kifaa mara ya pili, mara ya tatu, afu akachukua tishu akamfuta ile jeli yeye mwenyewe, na hapo mi nikajua, manake huwa hawafuti, huwa wanakupa tishu ujifute.

"Mama, humu hamna mtoto. Hii tunaita mimba zabibu."

Wifi akauliza, "Ameenda wapi?"

Dokta akaniangalia mimi. Mi nikaangalia ukuta.

Akasafishwa kesho yake. Kopo la kilichotolewa, kimehifadhiwa kwenye fomalini, likapita mezani kwetu likielekea kwa wanaochunguza vipande vya mwili, na nikiri tu kwamba nililishika muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Mimba zabibu nimeisoma chuoni, nimeijibia na mtihani, ila sikuwahi kukaa nayo uso kwa uso. Na jina linadanganya kidogo, sio zabibu za dukani zile. Ni vijipovu vya maji, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya hindi bichi, vinang'aa, vimeshikana kwa vijinyuzi vyembamba, ukitikisa kopo vinayumba vyote pamoja. Mimi vilinijia kama mayai ya chura, yale tuliyokuwa tunachota utotoni kwenye madimbwi ya Mirongo hapa Mwanza.

Hilo ni kondo la nyuma. Kondo limekua peke yake, limejaa maji, linatoa homoni kama limechanganyikiwa, na mwili wa mama unaamini una mimba tena mimba kubwa.

## Swali la mama

Mama yetu hakuuliza ameenda wapi. Mama aliuliza, "Huyu kafanya nini?"

Mnajua jinsi hilo swali linavyotembea. Jioni ile ile lilikuwa limeshafika kwa shangazi kule Magu, na likirudi linakuwa limebeba mizigo: alichoma zile sindano za uzazi wa mpango zikamuozesha kizazi, alilala na mtu, amerogwa, hapana yeye ndo mwenye mambo yake. Kuna dada wa jirani akasema kabisa kwamba mimba za hivyo ni za shetani, na kalisema hilo huku anamenya viazi, kama mtu anayesema leo kutanyesha.

Sindano haina kesi hapa. Inayojulikana kuongeza hatari ni umri, mabinti wadogo sana na akina mama waliovuka 40, na kama ulishapata moja basi uwezekano wa kupata nyingine ni kama 1 kati ya 100. Wifi ana miaka 29, ya kwanza hii.

Nilichanganyikiwa na hasira. Sio kwa majirani, kwa mama. Huyu ni mwanamke aliyezaa sita akazika wawili, nilitegemea angekuwa wa kwanza kunyamaza.

## Silaha

Wiki ile nilikuwa na zamu za usiku, na usiku kama hakuna dharura maabara inakuwa na ule mlio wa friji tu, unasoma. Nikasoma kila kilichofunguka kwenye simu.

Nikakuta kitu ambacho chuoni walikipita kwa sentensi moja. Mwaka 1977 watafiti wa Japani, Kajii na Ohama, walichunguza mimba zabibu kamili (nazungumzia ile kamili, ile nusu ina hesabu zake nyingine) wakagundua kwamba kromosomu zake zote, vile vifurushi vya maagizo ya urithi ndani ya seli, zinatoka kwa baba. Zote! Mara nyingi kinachotokea ni hivi, yai la mama linakuwa tupu, kile kiini chake hakimo, mbegu moja inaingia, inajikuta peke yake, inajirudufu ili hesabu ifike 46 kama ya mtu wa kawaida. Kwahiyo ukipima unakuta 46 kamili, namba nzuri kabisa, ila baba mara mbili na mama sifuri.

Mama sifuri.

Nilisoma hiyo sentensi nikacheka peke yangu saa tisa usiku. Nilikuwa nimepata silaha.

Jumapili tukakusanyika kwa mama, ugali na sato, kaka karudi, wifi kabaki kwake anapumzika. Mama akaanza tena, huyu mwanamke, huyu mwanamke. Nikaweka tonge chini. Nikasema mama, ile mimba haikuwa na kitu cha wifi hata kimoja, sayansi imepima toka 1977, ni ya mwanao yote asilimia mia, shida ilikuwa kwenye jeni za upande wa baba tu.

Mama akasema, "Jini?"

Nikasema jeni mama, jeni, sio jini.

Hakusikia tena. Alikuwa ameshashika kichwa. Kumbe kwenye ukoo wa baba yenu kuna jini, nilijua tu, ndo maana na yule wa pili... na hapo akaanza kuwataja watoto wake wawili aliowazika, kwa majina, majina ambayo nyumbani kwetu hayatajwi hovyo. Akataka watu wa maombi waitwe jioni hiyo hiyo.

Wadogo zangu walikuwa wanabana kicheko. Mimi pia kidogo nicheke. Afu nikamuona kaka anasukuma sahani, anasimama, ananawa mikono polepole sana, anatoka. Samaki wake alikuwa hajaguswa upande mmoja.

## Mtoto wa ng'ambo

Nikarudi kwenye kusoma, safari hii kwa aibu. Nilitaka kuelewa kitu kimoja tu: kama hesabu ya kromosomu iko sawa, 46 zipo, kwanini mtoto hakutengenezwa? Jeni, yale maagizo yenyewe, ni zile zile. Mwanaume na yeye anazo jeni za kutengeneza moyo na macho.

Kila nilipogusa nilirudishwa mwaka 1984. Jarida la Nature, watu watatu wa Cambridge: Azim Surani, Sheila Barton, Michael Norris. Nikabonyeza jina la kwanza nikitegemea mtu wa kule kule kwao.

Alizaliwa Kisumu, 1945.

Nikakaa sawa kwenye kiti. Kisumu hapo ng'ambo? Kwa mtu wa Mwanza Kisumu ni kama nyumba ya jirani ambayo hamtembeleani siku hizi, ziwa ni lile lile, dagaa ni wale wale, hata ile MV Victoria tunayopanda kwenda Bukoba iliunganishwa kwenye karakana ya Kisumu. Nilisoma miaka mitatu ya diploma bila mtu kuniambia kwamba aliyelijibu swali hili alizaliwa kwenye maji haya haya. Nilikasirika kidogo, nakiri, ila hasira ya kupendeza.

Digrii ya kwanza alisomea Plymouth, ya pili Strathclyde, ya udaktari akachukua Cambridge 1975 chini ya Robert Edwards. Huyo Edwards ndiye ambaye miaka 3 baadaye, yeye na Patrick Steptoe na Jean Purdy, walifanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown, Julai 25, 1978, mtoto wa kwanza wa kutungwa nje ya mwili, na ndiye aliyepewa Nobel 2010. Sasa mwanafunzi wa mtu kama huyo ungetegemea aende moja kwa moja kwenye kutengeneza watoto wa maabara, kuna hela huko na kuna heshima. Surani akang'ang'ania swali lililoonekana la kitoto.

Kwanini yai haliwezi kujikuza lenyewe?

Usicheke. Vidukari kwenye kabichi yako majike wanazaa majike bila dume, mwaka mzima. Kuna mijusi wanafanya hivyo. Kuna kijinyoka kipofu kinachokaa kwenye vyungu vya maua, hata huku Afrika Mashariki kipo, ni majike watupu. Ila wanyama wanaonyonyesha hapana. Yai la panya ukiliamsha maabara bila mbegu linaanza kugawanyika vizuri tu, linajipandikiza hata kwenye kizazi, afu siku ya kumi hivi linakwama, wakati mimba ya panya ni siku 20 tu.

Maelezo yalikuwepo mawili. La kwanza, labda mbegu inaleta kitu kwenye ute wa yai, yai likiamshwa bila mbegu ute wake unakuwa na kasoro. La pili, labda tatizo ni nakala zinazofanana, yai likijirudufu basi kila jeni mbovu iliyojificha inajitokeza. Na kulikuwa na ripoti ya 1977 inayodai panya wa mzazi mmoja walishazaliwa, wazima, kutoka kwenye mayai ambayo mbegu iliwahi kuingia. Kwahiyo kwa mtu wa kawaida kesi ilishafungwa, ni ute. Tatizo ni kwamba Surani na wenzake walijaribu kuwapata hao panya wakawakosa, na watu wengine pia wakawakosa.

Hapa ndo napenda. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi ningesema basi mikono yangu mibaya, nimekosea hatua fulani. Nimeshawahi kusema hivyo mara nyingi kazini, tena mbele ya mashine iliyokuwa na makosa yenyewe.

Wao wakatengeneza mayai ya majaribio. Wakachukua yai lililoamshwa bila mbegu, lenye kiini kimoja cha mama. Wakaliongezea kiini cha pili, kwa sindano ya kioo nyembamba, kwenye kitu ambacho upana wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. (Mi nazimua sampuli mara 100 na mkono unatetemeka. Jina la Sheila Barton liko kwenye makala ya 1983, ya 1984, na ya 1987, na kila nikiliona naifikiria hiyo mikono.) Mengine yakapewa kiini cha kiume. Mengine yakapewa kiini kingine cha kike, kutoka kwa panya wa ukoo tofauti, ili nakala zisifanane.

Yaliyopata kiini cha kiume yakazaa panya.

Yaliyopata viini viwili vya kike yakakwama pale pale.

Umeona? Ute ule ule, kwahiyo sio ute. Nakala hazifanani, kwahiyo sio nakala. Mama wawili hawafanyi mama na baba. Mwaka huo huo kule Philadelphia James McGrath na Davor Solter walitoa jibu lile lile kwa njia yao.

Afu wakafanya na upande wa pili, viini viwili vya kiume bila cha kike. Mtoto alikuwa haeleweki, ameduma, kitu kidogo tu. Ila kondo lilikua.

Hapo nikaweka simu chini. Nililiona lile kopo.

## Muhuri

Neno walilolichagua ndilo nililokuwa nalitafuta. Walisema jeni zinapigwa muhuri wakati yai na mbegu zinatengenezwa. Herufi za DNA, yaani maandishi ya jeni, ni zile zile, hazijabadilika hata moja, ila zimegongwa muhuri "nimetoka kwa mama", "nimetoka kwa baba", na baadhi ya jeni zinafanya kazi kulingana na muhuri. Kama barua mbili zenye maneno sawa, moja ina muhuri wa mtendaji wa kata moja haina, nenda nazo benki uone.

Mwaka 1987 kundi hilo hilo la Surani wakaonyesha muhuri wenyewe ni nini, vijichembe vya methili vinavyobandikwa kwenye DNA, na kilichonishangaza ni kwamba jeni moja ikipita kwa jike inabandikwa, ikipita kwa dume kizazi kinachofuata inabanduliwa. Inabadilika kulingana na nani anaipitisha. Mwaka 1991 zikaanza kutajwa jeni zenyewe, kwa mfano Igf2 ambayo inahusika na ukuaji, nakala ya baba inafanya kazi ya mama imezimwa. Leo zinajulikana zaidi ya 100 kwa panya, kwenye jeni 20,000 na kitu. Hizo chache ndo zinazuia mwanamke asizae peke yake.

Kuna nadharia maarufu ya David Haig kwamba ni kuvutana, jeni za baba zinataka kondo kubwa linyonye sana, jeni za mama zinabana matumizi. Ni nadharia nzuri na ina ushahidi wake, ila nimeacha kuisimulia kwenye familia. Ukiisema mezani inageuka baba mnyonyaji mama mchoyo, na sisi tuna kesi za kutosha.

Hii fani yote siku hizi inaitwa epijenetiki na imeshavamiwa na wauza virutubisho mitandaoni. Nitawarudia.

## Kaka

Ilipita kama wiki tatu kaka hapokei simu yangu vizuri. Anapokea, "niko barabarani", anakata. Nikamfuata gereji anapofanyia gari. Tulikaa kwenye tairi mbili.

Akasema, "Kwahiyo mi ndo nilimfanyia vile."

Hakuuliza, alisema. Akaniambia toka ile Jumapili anahesabu. Mwezi wa nne alikuwa anakunywa sana, kulikuwa na msiba wa rafiki yake. Aliwahi kuungua na asidi ya betri. Alilala juu ya injini za moto miaka yote hii. Anataka kujua ni kipi kati ya hivyo kilichoharibu mbegu, na kama amwambie mke wake. "Nimwambie au nisimwambie? Wewe ndo msomi."

Mimi ndo msomi.

Nilimwambia ukweli ambao nilipaswa kuusema toka mwanzo, nao ni mrefu na hauna mtuhumiwa. Mbegu yake pengine ilikuwa nzima kabisa. Iliingia nyumba isiyo na mtu. Sasa nyumba kuwa tupu ni kosa la nani, la yai? Akaniangalia. Nikaona na hapo nimeshaanza kurudisha mpira kwa wifi, yaani ndani ya sentensi mbili nimemtoa mmoja kizimbani nimempandisha mwingine.

Na kuna jambo lingine nililisoma baada ya ile Jumapili, ambalo laiti ningelisoma kabla. Wapo wanawake wachache sana ambao mimba zabibu zinawarudia tena na tena, na wakipimwa zao hazina baba mara mbili. Zina mama na baba, nusu kwa nusu, kama mtoto wa kawaida. Mwaka 2006 ikajulikana wengi wao wana hitilafu kwenye jeni inaitwa NLRP7, na yai lao linatoka bila kugongwa muhuri wa mama. DNA ya mama ipo, muhuri haupo, basi inasomeka kama ya baba, na matokeo ni zabibu zile zile.

Kwahiyo ile sentensi yangu ya ushindi, ya baba asilimia mia, haikuwa hata kanuni. Sio kwamba ya baba ndo mbaya. Kinachotakiwa ni mihuri miwili, na siku hiyo ulipatikana mmoja.

Kaka akasema, "Na hiyo mihuri nani anagonga?"

Hakuna mtu. Inajigonga gizani, wewe hujui, mkeo hajui, yai la mkeo lilianza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni kwa mama yake.

Alikaa kimya muda, akaokota spana akaifuta. Akasema mbona hilo hukulisema pale mezani.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nataka kushinda.

## Kufuta

Kama kuna kitu kwenye kazi ya huyu mzee wa Kisumu kimenikaa kuliko 1984 ni alichofanya baadaye. Mwaka 1992 akawa profesa wa fiziolojia ya uzazi Cambridge, kwenye taasisi ambayo sasa inaitwa Gurdon, na angeweza kula pensheni ya ule ugunduzi mmoja maisha yake yote. Akauliza: kama muhuri wa mama unageuka muhuri wa baba kizazi kinachofuata, lazima kuna mahali wa zamani unafutwa. Wapi?

Unafutwa kwenye seli mama za mayai na mbegu, zile chache zinazojitenga mapema sana kiinitete kikiwa bado na wiki chache. Maabara yake 2005 ikaonyesha jeni inayozielekeza kwa panya, Blimp1. Seli ni chache mno, kwahiyo ilibidi watafute namna ya kusoma jeni zinazofanya kazi ndani ya seli moja moja, na 2009 wakaonyesha njia, leo dunia nzima inatumia njia za aina hiyo. Afu 2015 wakakuta kwamba kwa binadamu jeni kiongozi ni nyingine, SOX17, ambayo kwa panya haina cheo hicho. Miaka yote tumejifunza kwa panya, na hapo pa msingi kabisa panya si sisi.

Ndani ya seli hizo karibu kila kitu kinapanguswa. Mihuri ya babu, ya bibi, inaondolewa, inagongwa upya. Yapo maeneo machache yanayokwepa, na hayo ndo watu wanayafuatilia. Kwahiyo ukisikia mtu mtandaoni anakwambia kunywa juisi hii urekebishe epijenetiki ya wajukuu zako, muulize inapitaje kwenye ule ufutaji. Hana jibu, ana bei.

Juzi juzi kapewa Kyoto Prize, tuzo ya Japani, ile ya 2025, na kabla ya hapo 2018 walipewa tuzo ya Gairdner ya Kanada yeye pamoja na Solter, nikafurahi kwamba waliwapa wote wawili. Nilimwonyesha picha yake mama kwenye simu. Nikamwambia huyu mzee ni wa Kisumu, ndo aliyegundua kwamba mtoto anahitaji muhuri wa pande zote mbili. Mama akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole kama nilivyomfundisha.

"Mhindi."

Ndio mama, Mhindi wa Kisumu.

"Wana maduka kule," akasema. Akaangalia tena. "Na yeye alisema ni nani mwenye kosa?"

Nikasema hakusema, mama. Hakuna.

Akanirudishia simu. Akasema alizaa wa pili miezi sita na mkunga akamwambia alinyanyua ndoo ya maji kabla ya siku zake. Miaka 41 amekaa na hiyo ndoo. Mi nilikuwa sijawahi kusikia habari ya ndoo hata siku moja, na nilikaa pale nikakumbuka jinsi nilivyomkasirikia.

## Namba

Mimba zabibu ikishasafishwa haijaisha. Kuna zinazobakiza mizizi, kwa ile kamili ni kama 15 hadi 20 kati ya 100, na zikiota zinageuka aina ya kansa ambayo bahati nzuri ni kati ya zinazotibika vizuri sana kwa dawa. Ila lazima ifuatiliwe. Kila wiki damu, kila wiki beta hCG, mpaka ishuke iwe ya kawaida wiki tatu mfululizo, afu kila mwezi kwa miezi. Na katikati hapo hakuna kubeba mimba, lazima utumie uzazi wa mpango, hata zile sindano zilizosingiziwa. Wengi wanaacha kuja baada ya mara ya pili, nauli, aibu, au wameambiwa wameshapona.

Wifi hakuacha. Amesoma haya kabla sijayaweka hapa, kafuta aya mbili, akasema mengine acha. Majibu nampa daktari, daktari anampa yeye, yeye anamtumia nani anayetaka. 61,000. 9,400, hiyo mashine ilisoma yenyewe bila kuzimua. 1,150. 204. 38. Ikakaa 38, 35, wiki mbili sikulala. 11.

Jumanne iliyopita jioni simu ikaita, mama. Huwa hapigi, huwa anabipu.

"Wifi yako kasema namba yake imekuja tatu."

Ndio mama.

"Tatu ni nyingi au chache?"

Chache mama. Chini ya tano ni sawa.

Kimya, nasikia redio yake nyuma, matangazo ya vifo.

"Haya. Namtuma mdogo wako na dagaa, mwambie wifi yako asiwakaange, awachemshe kwanza. Na Jumanne ijayo unipigie wewe, yeye ananiambia nusu nusu."